Mwonja Asali wa Tabora na Sisimizi wa Nyuma ya Ghala

Ijumaa, saa mbili asubuhi. Foleni ya wafuga nyuki imeshafika mlangoni mwa ghala la ushirika, Tabora mjini, kila mtu na debe lake. Nikolaus Lugembe anachovya kijiti, analamba, anafumba macho. Kisha anatema ndani ya kopo.

"Asali yangu imekuwa dawa ya meno?" anauliza mzee mmoja wa Puge. Foleni inacheka. Lugembe hacheki.

Yeye ndiye mwonjaji tangu mwaka wa Azimio, sasa miaka saba. Kwa shilingi 340 kwa mwezi, huitambua asali iliyotiwa maji ya sukari na ile iliyopikwa ikaungua. Huonja madebe arobaini kwa siku, na mpaka siku tisa zilizopita alikuwa akimeza yote.

Tumbo nalo halikuwa na siri. Mshipi wake ulitobolewa tundu la nne kwa msumari. Siku hizi za kuhubiri dhidi ya unyonyaji, kitambi ni shahidi asiyehitaji kiapo. "Kupe huyo," watu walinong'ona, kwa sauti ya kusikika.

Kisha wakaja sisimizi. Kila asubuhi walijaa mahali pamoja nyuma ya ghala, penye uzio wa mikonge. Mwenyekiti wa ushirika, Nassibu Twalibu, naye ana tumbo, ingawa la mwenyekiti huitwa afya. Alikata shauri: asali inapitishwa uzioni. Na funguo ziko kwa nani?

Akaita kamati, akainama, akachovya kidole kwenye udongo mbichi, akaonja mbele ya wote.

"Asali," alitangaza. "Ila imechanganywa. Ndugu Lugembe, fundi ni wewe. Onja uthibitishe."

Lugembe alitamani ardhi ipasuke immeze. Choo cha ghala kiko mbali, na siku hizo kiu na haja ndogo havikumpa nafasi. Mahali pale alipajua kuliko mtu yeyote.

"Sionji," alisema, akatazama viatu vyake.

Kukataa kukawa kukiri. Alinyang'anywa funguo, akaachiwa kijiti tu, mpaka mkutano wa wanachama wa kesho Jumamosi, utakaoamua kama ni mwizi.

Aliyemburura hospitali ni mkewe, Bertila, aliyechoka kujaza mtungi mara tatu kwa siku. "Baba Benedikta, mficha maradhi kifo humuumbua," alimwambia. "Na mimi kaniki ya msiba hainipendezi."

Mganga msaidizi, Amir Sultanali, alimpima presha na mkojo, kisha akamzungushia tumboni futi ya mafundi cherehani. Inchi arobaini na nne.

"Kitambi, presha na sukari ni watu wa nyumba moja," alimweleza. "Ukimkuta mmoja barazani, piga hodi, wenzake wamo ndani. Wakiachwa wazeeke pamoja, hushambulia moyo, figo, macho. Au huleta kiharusi."

Mama yake Lugembe alikufa upande mmoja wa mwili ukiwa umelala.

"Ni asali, Bwana Mganga?"

"Si asali peke yake. Ni kukaa kitini kutwa, ni mlima wa ugali, ni pombe, ni damu ya ukoo."

Amir alimwandikia cheti: mkojo wa huyu una sukari. Siku tisa sasa kimo mfukoni.

"Kuitwa mwizi kunaniuma," anasema Lugembe. "Lakini mtu mzima nitamwambiaje alichoonja?"

Foleni inapokwisha, anajifuta mikono, anaingia kwa mwenyekiti, anakiweka cheti mezani. Nassibu anakisoma mara mbili, midomo ikicheza. Anakwenda kwenye mtungi kusukutua, ingawa ni wiki mbili tangu aonje.

"Ukanitazama tu, Nikolaus?"

"Aibu, Mwenyekiti. Ilinifunga ulimi."

Nassibu anarudi kitini. Anaweka mkono juu ya tumbo lake.

"Na mimi huamka mara nne usiku," anasema polepole. "Huyo Amir yupo siku gani?"

Wamekubaliana kwenda Jumatatu, kwa miguu. Kesho Lugembe atasimama mwenyewe kueleza sisimizi walifuata nini.

"La kidole niachie mimi," Nassibu anamwambia. "Ukilisema wewe watacheka mpaka Usoke. Nikilisema mimi watacheka vilevile, ila nitakuwa nimesimama."

Lugembe anataka funguo zake, na jambo moja zaidi. "Mle mkutanoni nayajua matumbo kumi yanayoficha kama nilivyoficha mimi," anasema, bila kuinua macho. "Nikiisha kusema, nitauliza nani anakuja nasi Jumatatu."