Injini ya Teksi kwenye Gari la Baba

Jambo pekee ambalo kundi letu lilikubaliana bila ugomvi lilikuwa jambo la aibu.

Tulikuwa watu saba wenye magari ya michezo ya zamani, yale ya milango miwili, ya chini-chini, ambayo ukiyapitisha mjini Lubumbashi watoto wa shule wanapiga mluzi na polisi wa njiani anasahau kukuomba makaratasi. Zilibaki wiki tatu kufika wikendi ya magari ya zamani. Jumamosi hiyo tulikaa barazani kwa rais wetu, jaji mstaafu mwenye gari la kijani, tupange nani atangulie, tuegeshe kwa mstari gani, tuvae nini. Saa nzima iliishia kwenye mashati. Hawa wanataka meupe, hawa wanataka rangi ya gari la kila mtu, mmoja anatishia kujitoa. Mwishowe jaji akakohoa.

"Ba mukubwa, mi naomba kintu kimoja. Ile siku, ba kapo zibakie za kufunga. Hata bantu baombe namna gani, mutu asifungule."

Kapo, kwetu, ni kile kifuniko cha injini. Kila mmoja akachunguza viatu vyake. Halafu mikono sita ikapanda, haraka, kama ya wanafunzi wanaotaka kwenda chooni.

Maana ukweli ni huu: nje gari la Kiitaliano, ndani teksi. Vipuri vya magari yale havifiki kwetu. Injini ikifa, unakwenda kwa wauza vyuma, unachukua injini ya Kijapani iliyotoka kwenye teksi iliyogongwa, mchomeleaji anakata hapa, anaunga pale, na gari linatembea tena. Siri inabaki chini ya bati. Kumbe sote tulikuwa waongo wa dini moja, na kila mtu alidhani yuko peke yake.

Ambaye hakuinua mkono ni mama mmoja mjane, mwenye gari jeupe. Lake lilikuwa na injini yake ya kuzaliwa nayo, kama mume wake alivyoliacha. Alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kitenge.

"Ekyé! Banaume bazima! Munaficha moteri sawa vile munaficha bibi ya pili!"

Nilicheka pamoja nao. Lakini wenzangu walikuwa wanawaficha watazamaji, watu wasiowajua. Mimi nilikuwa namficha mtu mmoja tu, naye ni baba yangu.

Baba alikuwa fundi wa treni kwenye karakana ya reli, kama baba yake kabla yake. Lile gari jekundu liliachwa na mhandisi mmoja wa kigeni aliyeondoka nchini mbiombio. Lilikuwa limekufa, kuku wanataga kwenye kiti cha nyuma. Baba alitumia miaka minne kulifufua. Pete za pistoni alizichonga mwenyewe, baada ya saa za kazi, kwa jicho na kwa kidole. Hakupima kitu kwa mashine. Alichukua bisibisi ndefu, ncha akaigusisha kwenye injini inayonguruma, mpini akauweka sikioni, akafumba macho. Kisha anakwambia: valvu ya tatu inalia. Ukifungua, ya tatu ndiyo inayolia. Sisi watoto tulikatazwa kuongea wakati huo, na hata mama, ambaye hakumwogopa mtu, alinyamaza.

Mimi sikurithi sikio hilo. Mimi ni mtu wa dirishani, benki, mikono laini. Baba hakunilaumu kwa hilo hata siku moja, na ningependa angenilaumu.

Mwaka mmoja alikwenda Kasenga, kule mtoni, msimu mzima, kutengeneza injini za maboti ya wachuuzi wa samaki. Aliniachia ufunguo na maneno machache: "Uiwashe kila siku ya Mungu, dakika kumi. Usitoke nayo." Rafiki yangu akaoa. Akaniomba gari la kumbeba bibi arusi, nami nikataka kuonekana, basi, sina neno lingine la kujitetea. Tulitoka kanisani na msururu wa magari nyuma, honi, vigelegele, bibi arusi pembeni yangu na shela yake imejaa mpaka kwenye usukani. Njiani mshale wa joto ukaanza kupanda. Ukafika kwenye nyekundu. Niliuona, Mungu ni shahidi yangu, niliuona! Lakini nani anasimamisha gari la bibi arusi katikati ya vigelegele? Nikajiambia tutafika. Tulipofika karibu na ukumbi injini ikapiga kelele moja mbaya, ikajikaza, ikanyamaza. Wanawake waliendelea kuimba.

Fundi aliyeifungua alitikisa kichwa tu. Kila kitu kilikuwa kimeungua na kupasuka. Ile sehemu ya juu, ya alumini, aliipeleka kwa wale wanaoyeyusha alumini na kutengeneza masufuria. Huenda mpaka leo kuna nyumba hapa Lubumbashi inasonga bukari, ugali wetu, ndani ya kazi ya miaka minne ya baba yangu. Mimi nikamwambia fundi aweke injini ya teksi, upesi, kabla mzee hajarudi.

Mzee alirudi, lakini macho hayakurudi. Ugonjwa wa presha ya macho ulikuwa umemla kule mtoni taratibu, naye akidhani ni uchovu. Daktari alisema tumechelewa. Akahamia mtaa wa Makomeno kwa dada yangu, gari likabaki kwangu chini ya turubai. Siku ya kwanza aliponiuliza habari ya gari nikajibu: "Papa, tunangoya piesi ya kuwashia." Mji mzima unangoja piesi, kipuri kutoka sijui wapi, huo ni uongo ambao hapa mtu hauulizi swali la pili. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikwenda miaka kumi na moja.

Sikuogopa macho yake. Niliogopa sikio. Mwaka juzi, akiwa kitandani, aliisikia jenereta ya jirani ng'ambo ya ukuta akasema ina hitilafu fulani, na fundi alipokuja akaikuta hitilafu hiyo hiyo. Niliposimuliwa nilishindwa kumaliza chakula. Kwa gari langu, nilijua, angehitaji sekunde mbili tu.

Halafu mwaka huu akaanza kupotea. Asubuhi ananijua vizuri. Akichoka, mchana, ananiita kaka yake, au ananiuliza kama nimetumwa na karakana. Dada akasema labda furaha itamrudisha, akamweleza habari ya wikendi ya magari bila kuniuliza. Nilipofika asubuhi yake nilimkuta amekaa wima kitandani, ameomba shati lake la sikukuu lipigwe pasi.

"Basi piesi ilifika," akaniambia. "Aksanti, mwana. Mi nilijua utaitafuta tu."

Nilirudi kwenye mkutano uliofuata wa kundi nikiwa mgonjwa kabisa. Nikawaambia yote, arusi, mshale, masufuria, mbele ya watu sita. Nilitegemea wacheke. Hawakucheka. Jaji aliagiza kahawa, akachukua karatasi ya mpango na kufuta mstari mzima wa maegesho tuliokuwa tumeupigania wiki mbili. Akaupanga upya: gari langu pembeni, lile jeupe la yule mama liguse ubavu wangu. Mzee atakaa kwangu, mimi nitajifanya nazungusha ufunguo, naye mama atawasha la kwake. Injini yake na ile ya kwanza ya gari la baba zilikuwa za aina moja.

"Papa atasikia moteri ya kweli," mama akasema. "Si njo kile anataka? Acha uoga." Njo, kwetu, ni ndiyo. Hata shati waliniruhusu nivae ninalotaka. Watu wale nawapenda, na niliona aibu kupendwa nao siku ile.

Siku yenyewe ilifika na baridi yake ya asubuhi ya kiangazi, vumbi jepesi, mvuke mdomoni. Nilikwenda kumchukua baba kwa gari la dada, maana katika lile jekundu angesikia njiani. Alishika mkono wangu tukapita katikati ya magari, akinusa. Alimjua jaji kwa sauti, wakataniana kidogo. Nikamkalisha kwenye kiti cha gari lake. Akapapasa usukani, dashibodi, kipini cha gia, kila kitu kimoja kimoja, midomo ikimcheza. Pembeni yetu palikuwa patupu.

Simu yangu ikalia. Alikuwa yule mama, analia kwa hasira. Pompu ya mafuta ilikufa njiani, gari jeupe limekwama nyuma ya lori za madini, hawezi kufika. "Unisamehe, kaka. Nilijaribu."

"Iwashe basi," baba akasema. "Tunangoya nini?"

Hapo nilitaka kukimbia, kweli, nimwache na wenzangu. Kisha kitu kingine kikanishika, sikukitegemea. Nikawaza: acha asikie. Acha anikamate. Anipige kofi mbele ya watu, anitukane, aniite mwizi, halafu siku moja anisamehe. Alikuwa bado ananijua saa hiyo, ilikuwa asubuhi. Nikizidi kuchelewa hatabaki mtu wa kunisamehe. Niliogopa miaka kumi na moja, na sasa nilitaka jambo lile lile nililoliogopa, nililitaka kuliko kitu chochote duniani.

Nikazungusha ufunguo. Injini ya teksi ikawaka, na sauti yake ya teksi, ile unayoisikia kila njia panda ya mji huu. Kila mtu pale uwanjani aliijua.

Baba akainamisha kichwa. Akasikiliza. Akaniambia nimpe turunevisi ndefu, ile bisibisi yake, na nifungue kapo.

Nikamwangalia jaji. Jaji alifumba macho, akaitikia kwa kichwa. Nikafungua. Watazamaji wakasogea, mtu mmoja akaanza kucheka akakanyagwa mguu. Wale wenzangu wanne waliobaki wakasimama bega kwa bega kuzuia wengine wasione ndani. Nikamwongoza baba mkono, ncha ya bisibisi kwenye chuma, mpini sikioni. Akafumba macho yale yasiyoona, kama zamani. Alikaa hivyo muda mrefu. Nilikuwa nasali: Papa, unikamate. Unikamate, nakuomba.

Akainua kichwa, uso wote umelowa machozi.

"Njo yenyewe," akasema. Akageukia pale alipodhani watu wamesimama. "Musikie, bantu bote. Mutoto yangu aliichunga. Hakuna mutu alifungula hii moteri. Njo vile niliiacha."

Watu wakapiga makofi. Jaji akaenda kusimama nyuma ya gari lake, akatugeuzia mgongo. Mimi nilishika bati la kapo kwa mikono miwili. Sikio lilikuwa limekwenda. Nilikuwa nimeliogopa miaka yote hiyo, na sijui liliondoka lini, mwezi gani, mimi nikiwa bado natunga habari za piesi. Hakuna aliyebaki wa kunigundua.

Saa nane mchana nilimrudisha Makomeno, safari hii kwa gari lake mwenyewe, sikuwa na sababu tena ya kuficha. Alikuwa amechoka sana. Nilisimama mbele ya lango la dada, nikazima, na nikaona siwezi kushuka. Nikamwambia. Sikumbuki nilianzaje. Nilimwambia ya arusi, ya mshale uliopanda nikauona, ya injini ya teksi, ya masufuria, ya kila "tunangoya piesi" niliyomtupia. Nililia kama mtoto wa chekechea, mwanamume wa miaka yangu, mbele ya majirani.

Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, mikono magotini. Kisha akauliza:

"Papa yako angali eko muzima?"

Niliwaza nimesikia vibaya. "Eko muzima," nikasema.

"Anajua?"

"Apana."

Akatafuta mkono wangu, akaupigapiga kidogo. "Basi usimuambie, mwana. Fundi ukimuambia vile, unamuua. Muache aende na moyo muzuri." Akaongeza: "Uko muntu muzuri, naona. Unalia juu ya papa yako."

Nikamwambia aksanti. Nikamuuliza kama nimsaidie kushuka, aingie ndani apumzike.

Akakataa. Alisema mtoto wake anakuja kumbeba, mtoto wake huwa hachelewi, na asipomkuta hapa atapata wasiwasi. Nikasema ndiyo, mzee. Tukakaa ndani ya gari, yeye na mimi, tukamngoja.