Tangi la Gari Jekundu

Mwaka 1975, kapteni mmoja wa jeshi alimletea Mahmudu, fundi wa magari mjini Tororo, gari jekundu la spoti lililokuwa likinuka petroli. Mahmudu alilitambua: lilikuwa la daktari aliyetoweka baada ya Pasaka. Chini yake alikuta tangi limefungwa kwa waya, na ubavuni lina tundu la risasi.

"Umeona nini huko?" kapteni aliuliza.

"Mikanda imelegea tu, afande."

Alilitoa tangi, akaliosha, akaziba tundu, akalikaza kwa mikanda mipya.

"Kazi safi," kapteni alisema. "Kesho njoo kambini. Tunataka kuzungumza na wewe."

Jioni hiyo hiyo Mahmudu na mkewe Hadijah walikatiza mashamba ya Dabani, mpakani, wakavuka kuingia Kenya. Karakana aliiacha wazi.