Fundi Aliyekata Umeme Uliokwisha Kukatika

Wiki iliyopita tulimzika fundi umeme mmoja wa hapa Dodoma, na tangu siku hiyo nimeshindwa kuandika juu ya jambo jingine. Jina lake silitaji. Wenye nyumba wa Nkuhungu watamjua kwa baiskeli yake iliyofungwa ngazi ubavuni na kwa ubishi wake. Amekufa kwa kupigwa na umeme, saa nne asubuhi, akitengeneza mashine ya kusaga nafaka. Nilipopewa habari nilimbishia aliyeniletea. Mtu mwingine yeyote, nilisema, lakini si yule.

Nilimfahamu siku alipokuja kwangu kutengeneza soketi iliyokuwa ikitoa cheche. Ilikuwa zamu ya mtaa wetu kwenye mgawo, umeme haukuwapo tangu alfajiri. Hata hivyo alikwenda kwenye swichi kuu, akaizima, akachomoa fyuzi na kuzitia mfukoni mwa shati. Mimi na haraka zangu, nina makala ya kupeleka, nikamwambia asinipotezee muda, umeme si umeshakatika? Akanitazama kwa huruma. "Huo wamekata wao, mzee. Mimi bado sijakata." Akanieleza kwamba aliyekata ndiye anayejua atarudisha saa ngapi, na yeye hawezi kushika waya huku wa kurudisha ni mtu asiyemwona. Kisha akatoa testa, akaupima ule waya ambao sote wawili tulijua hauna kitu. Nilikwenda kuwasimulia wenzangu ofisini, tukacheka sana. Leo naona haya kwa kicheko kile.

Sasa nyakati zimebadilika. Milango ya biashara imefunguliwa, na vitu tulivyokuwa tukivisikia kwa wasafiri vimejaa madukani. Mwenye ile mashine ya kusaga niliyoitaja, mtu mwema na mchapakazi, alichoshwa na mgawo akanunua jenereta Dar es Salaam. Wakati huo fundi wetu alikuwa Mvumi kwa miezi miwili, akitandaza nyaya kwenye nyumba mpya. Jenereta ikaunganishwa na mtu mwingine, aliyepeleka waya moja kwa moja kwenye mota bila kupitia swichi kuu. Mimi nilialikwa kuiona ikiwaka. Nikaisifu hapa hapa, kwenye safu hii, kwamba akina mama hawatalala tena na mtama usiosagwa. Sikuuliza waya wake unapita wapi.

Asubuhi ya msiba nilikutana na fundi kwenye mgahawa, ndiyo kwanza amerudi kutoka Mvumi. Akanitania kwamba bado naandika magazeti ambayo yeye hana nafasi ya kuyasoma. Akasema anakwenda kubadilisha waya wa mota pale mashineni, umeliwa na panya. Nikamwambia anisalimie mwenye mashine. Tukaagana.

Alifanya kila alilozoea kufanya. Alizima, akachomoa fyuzi, akapima, akalala chali nyuma ya mashine. Nje foleni ilikuwa ndefu, madebe ya mtama na uwele yamepangwa hadi barabarani, na umeme wa mtaa mzima ukakatika kwa mgawo. Watu wakaanza kunung'unika. Mwenye mashine alikuwa nyuma ya jengo, na kwa kuwa hakusikia tena nyundo wala spana, akadhani kazi imekwisha. Akawasha jenereta.

Nilimkuta mwenye mashine msibani amekaa peke yake kwenye ukingo wa mkeka, watu wakimpisha kwa mbali. Nikakaa naye. Akasema, "Siku zote ile jenereta huwa naivuta kamba mara tano, mara sita. Siku ile iliwaka mara ya kwanza. Nikafurahi." Nikamshika mkono. Wako wanaotaka afungwe. Sijui. Ninachojua ni kwamba hakumchukia yule fundi, na hakuna aliyemwambia mashine inayolishwa na njia mbili inahitaji swichi ya kuifunga moja kabla ya kufungua nyingine.

Basi nawaomba wenye jenereta, na kila siku mnaongezeka: fundi akija, jambo la kwanza mwonyesheni kila mahali umeme unapoingilia, hata kama hakuuliza. Na kabla ya kuwasha chochote, nendeni mkamwone kwa macho akiwa amesimama nje. Kimya chake kisiwatoshe. Fundi hawezi kukata asichokijua. Nami ninalo langu. Yule marehemu hakuwa na sababu ya kuiogopa jenereta ambayo hakujua ipo. Mimi nilijua. Nilikuwa nayo habari hiyo mdomoni, tumekaa meza moja, chai ikipoa, nikampa salamu tu za kupeleka.