Kidole Nilichokinyoosha

Katika mchezo wetu wa kwanza hakuna mkono hata mmoja. Ukiutafuta kwenye simu za watu waliobaki nao, utaona wachunga mbuzi, wafua vyuma, waganga na malkia, wote wamejitanda mablanketi kutoka kidevuni hadi magotini. Nyuso zao ni nzuri mno. Chini ya kidevu ni blanketi tupu.

Kwa asiyecheza michezo ya namna hii, nieleze polepole. Mchezaji hupewa mtu mmoja ndani ya simu, na kuanzia hapo mtu yule ndiye yeye. Anatembea naye kijiji hadi kijiji katika nchi isiyokuwepo duniani, anazungumza na wenyeji, anapewa kazi, anapambana na mazimwi, na kadiri anavyosafiri ndivyo anavyozidi kuwa hodari. Nchi yetu tuliibuni ya milima na ukungu, kwa sababu ndiyo tuliyoijua. Tulikuwa watatu. Rafiki yangu wa Ilomba alitengeneza programu yenyewe. Mchoraji wetu, dada mmoja wa Iringa, alichora. Mimi, ambaye mchana hufundisha kompyuta pale Soweto, Mbeya, niliandika hadithi na kusimamia michoro. Kusimamia michoro ni kuamua vitu vionekane vipi: anga iwe na rangi gani, nyumba ziwe za umbo gani, watu wavae nini. Sijui kuchora hata kikombe. Ninachojua ni kueleza. Wanafunzi wangu husema naweza kumweleza mtu jambo mara saba bila kukunja uso, na kwa miaka mingi niliichukua hiyo kuwa sifa isiyo na doa.

Yule dada alianza kwa kuchora vibao vya saluni. Unavijua: kichwa kimoja kimenyolewa pembeni, kingine kimechorwa mistari, vyote vimeishia shingoni. Vichwa alikuwa ameviweza hadi basi. Tulipohitaji watu kamili akanitumia kundi zima, wote wamejifunika. Nikampigia simu.

“Mbona wote wana mablanketi?”

“Kule juu ni baridi, mwalimu.”

Alizoea kuniita mwalimu ingawa sikuwahi kumfundisha. Nikanyamaza nikisubiri, kama ninavyofanya darasani mtu anapokuwa na jibu jingine nyuma ya jibu lake. Akacheka.

“Haya, nikwambie ukweli? Mikono siiwezi. Nikiichora inakuwa kama mihogo. Kibao cha kinyozi hakidai mikono, mwalimu. Ila hilo libaki letu.”

“Litabaki letu,” nikasema.

Hatukujua kwamba mablanketi yale yangependwa kuliko hadithi yangu. Wachezaji waliyatafutia maana. Mmoja wa Tukuyu aliandika simulizi ndefu kwamba katika nchi ile, anayeonyesha kiganja chake kwa mgeni husahau jina la mama yake. Wengine wakaongezea, wakabishana, wakaapa. Siku tulipokutana nao katika ukumbi mmoja wa Mbeya, kuna waliokuja wamejitanda mablanketi ya vitandani kwao, yale yenye picha ya simba. Mchoraji alikuwepo. Alikaa nyuma, akatazama simba wale wakipita, akajifunika mdomo kwa kucheka. Sikumwambia mtu siri yake, na nilijiona mwaminifu.

Kisha tukaanza sehemu ya pili.

Kwa muda mrefu hakunitumia chochote. Halafu ikaja michoro ya mikono, kurasa na kurasa: mikono inayochambua mboga, inayofunga kamba, inayoshika sindano. Zaidi ya yote ilikuwa mikono ya mwanamke mzee anayesuka kikapu cha milulu, yale majani marefu ya bondeni. Mchoraji alikuwa amekaa karibu mwaka mzima akijifundisha. Nilimsifu kwa moyo wote, na sifa zile hazikuwa za uongo. Nilibadilisha hata hadithi kwa ajili yake. Nikamweka katikati ya mchezo bibi msusi, ambaye kila akimaliza kikapu, njia mpya inafunguka mlimani. Mikono yake ingejaza kioo cha simu.

Kidole cha shahada cha mkono wa kulia wa bibi yule kilikuwa kimepinda kwenye kiungo cha juu, kikalala juu ya kidole cha kati. Nilikiona. Nikafikiri ni kosa dogo la mtu anayejifunza, nikaliacha ili nisimvunje moyo. Sikumuuliza, mimi ambaye kila siku huwaambia wanafunzi kwamba aliyenyamaza na swali lake amejinyima mwenyewe.

Tulipoweka picha za kwanza katika kundi la wachezaji mtandaoni, moto ukawaka.

“Wakuu, mablanketi yetu yako wapi?”

“Mmetuibia nchi yetu, mmetuletea nyingine.”

“Mikono ya nini sasa? Rudisheni mablanketi!”

“Na huyo bibi! Kidole kinaenda Tunduma, mkono unaenda Dodoma!”

Hilo la Tunduma liliwachekesha kuliko yote. Likarudiwa, likachorewa vibonzo, mtu akaweka kidole kile kwenye picha ya kibao cha barabarani. Nami nilicheka. Niko peke yangu ofisini, wanafunzi wameondoka, nikacheka kwa sauti. Hilo naliandika kwa sababu ni la kweli.

Unapowaona watu wanakasirika, na wewe ni mtu wa kueleza, mkono unakuwasha. Niliandika ujumbe mrefu wa upole. Naukumbuka karibu wote. “Ndugu zangu, tuwe na subira. Katika uchoraji hakuna kitu kigumu kama mikono. Mchoraji wetu alianzia kwenye vibao vya saluni, ambako huchorwa vichwa peke yake. Niwape siri ndogo: hata yale mablanketi mnayoyapenda yalikuwa ya kuficha mikono ambayo hakuiweza. Sasa anajifunza. Tumtie moyo. Kidole cha bibi tutakirekebisha.”

Niliusoma mara mbili kabla ya kuutuma na nikaupenda. Ulikuwa na uvumilivu, ulikuwa na elimu, ulimtetea mtu. Mapendo, yale ya kubofya kwenye simu, yakaja kwa makumi. “Asante mwalimu kwa ufafanuzi.” Kisha, baada ya mapendo, likaja lile ambalo nilipaswa kulijua kabla. Simulizi za kiganja na jina la mama zikafa siku ileile. Mahali pake wakaanza kutumiana vichwa vya saluni vilivyovalishwa blanketi, na chini yake: “Mikono itakuja sehemu ya tatu.” Wengine, kwa wema mtupu, wakaandika: “Dada usikate tamaa, utaweza tu.”

Mchoraji alikuwa ndani ya kundi lile tangu mwanzo, kimya kama kawaida yake. Nililijua hilo wakati naandika. Nimejaribu sana kujishawishi kwamba nilisahau, lakini sikusahau. Niliona tu kwamba maelezo yangu ni mazuri mno kuachwa.

Asubuhi yake nilimtumia picha ya bibi na duara jekundu kwenye kidole. “Hapa panyooke.”

Akajibu, “Sawa.”

Haikupita saa nzima kidole kikarudi kimenyooka kama penseli. Nilifurahi kwa wepesi wake. Sikushangaa kwamba safari hii hakuniita mwalimu.

Wiki chache baadaye nilikwenda Iringa kwenye harusi ya binamu yangu. Kesho yake, kabla ya kurudi, nikaona ni adabu kupita kwa mchoraji, Kihesa, alikoishi na mama yake. Nilikuwa na mchezo kwenye simu, karibu ukamilike, na nilidhani nakwenda kuleta furaha.

Mama yake nilikuwa sijamwona. Alikuwa amekaa kwenye mkeka kibarazani, milulu imetapakaa kando yake, kikapu kimefika nusu.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Kamwene, mgeni wetu. Wewe ndiye mwalimu?” Aliweka kikapu chini, akanipa mkono. Nikaupokea kwa mikono yangu miwili kama inavyostahili, nikasikia kitu kigumu, kilichopinda, kikikaa vibaya katikati ya vidole vyangu.

Sikuangalia chini. Nilijua.

Nikakaribishwa chai na maboga ya kuchemsha. Mchoraji alimimina chai bila kunitazama. Mama ndiye aliyekuwa na maneno.

“Nimewaambia wenzangu wa kwaya kwamba nimeingia kwenye simu. Hawaamini. Wananiambia, wewe na mikono yako hiyo? Nikawaambia ngojeni. Mwanangu kanikalia hapa mwaka mzima, mama usitingishike, mama geuza kidogo, hata kupika nikawa napika ananitazama. Umekuja nayo?”

“Mama, mwache mgeni ale,” mchoraji akasema.

“Ale huku naona.”

Kisha akafanya jambo ambalo sijaweza kulitoa kichwani. Aliinuka, akaenda kunawa mikono kwa sabuni, akaifuta vizuri kwenye kanga, ndipo akaja kupokea simu yangu. Alinawa kama mtu anayekwenda kumpokea mtoto mchanga.

Nilimfungulia sehemu ya bibi msusi. Akaisogeza, akaiweka mbali, akaisogeza tena. Akautazama uso na kutabasamu. Halafu akashuka kwenye mikono, na tabasamu likasimama palepale lilipokuwa.

“Ah!” akasema. “Mmenitibu!”

Akacheka, akanyanyua mkono wake wa kulia akauweka kando ya simu. “Hospitali walishindwa, ninyi mmeweza. Sindano mlinichoma lini, mbona sikusikia?”

Mchoraji akainuka, akaenda ndani na birika ambalo bado lilikuwa na chai.

“Kilipondwa na mchi nikiwa msichana,” mama aliendelea, sasa akinieleza mimi, polepole, kama ninavyowaeleza wengine. “Kikapona hivi hivi. Nililia, nikasema nani atanioa. Baadaye nikaona kinanifaa. Tazama.” Akachukua kikapu. Kile kidole kilichopinda kikaukamata mlulu na kuubana, mkono mwingine ukavuta, mshono ukakaa. Akarudia ili nione vizuri. “Umeona? Wenzangu hutumia vidole viwili hapa. Sasa huyu wa kwenye simu hasuki. Ameshikilia tu, kama anapigwa picha.”

“Mama,” nikasema, “mimi ndiye niliyesema kinyooshwe.”

“Ulidhani ni ugonjwa?”

“Nilidhani ni kosa la kuchora.”

“Uliuliza?”

“Sikuuliza.”

Akanitazama kidogo. Hakukuwa na ukali, na ningependa ungekuwepo. “Basi kunywa chai yako, itapoa,” akasema, akanirudishia simu, akaendelea kusuka.

Kwetu mgeni hatoki peke yake. Nilipoaga, mama akamwita binti yake anisindikize, naye akaja, kwa sababu kuna mambo ambayo hasira haiyaondoi. Tulitembea hadi kwenye kona yenye saluni. Juu ya mlango kulikuwa na kibao cha zamani, vichwa vinne vimefifia kwa mvua. Sikuhitaji kuuliza ni vya nani.

“Unajua,” nikaanza, “ule ujumbe kwenye kundi, nilichokuwa nataka ni kwamba watu waelewe jinsi...”

“Usinieleze, mwalimu.”

Akasimama chini ya kibao.

“Ulisema litabaki letu. Halikubaki. Sasa hata nikichora mkono mzuri namna gani, wanatafuta muhogo.” Alikuwa akitazama kibao, si mimi. “Na kidole ni cha mama. Nilifikiri utakiuliza. Nilikiacha pale wazi ili ukiulize, nikwambie. Nilikuwa na hamu ya kukwambia.”

“Nitawaambia wote. Nitaandika leo, nieleze kidole ni cha nani, kilipondwaje...”

“Unaona?” akasema. “Unaanza tena. La kwako lieleze. La kwangu liache.”

Hapo ndipo kusindikiza kulipoishia. Aligeuka akarudi, nami nikaenda kituoni.

Nilipofika Mbeya nilikirudisha kidole kama kilivyokuwa. Mchoro wa kwanza nilikuwa nao bado. Kisha nikakaa kuandika katika kundi. Nilianza ukurasa mzima, nikaufuta. Nikaanza nusu ukurasa, nikafuta. Mwishowe nikatuma hivi: “Kidole cha bibi kilikuwa sahihi. Mimi ndiye niliyeagiza kinyooshwe, nilikosea, nimekirudisha. Na siri niliyoitoa humu haikuwa yangu kuitoa.” Sijawahi kuandika maelezo mafupi zaidi ya hayo. Mtu akauliza, “Kwa hiyo mwalimu, kwa nini kimepinda?” Swali zuri, la heshima, na jibu nilikuwa nalo tayari mdomoni, na mchi wake, na mlulu wake. Sikumjibu. Wengine waliona nimejivuna. Vichwa vya saluni vyenye blanketi havikukoma kwa ujumbe wangu. Hadi leo hujitokeza, na mara nyingine anayevituma ni mtu ambaye hajui vilitoka wapi. Mimi najua.

Mchoraji alimaliza kazi yake yote kwa wakati. Picha ya mwisho ya mchezo, ile ya kufunga hadithi, ilikuja baada ya zote. Wenyeji wote wa nchi yetu wamekusanyika kilimani: wachunga mbuzi, wafua vyuma, waganga, malkia. Mikono ya wote, ile aliyokuwa amejifundisha kuichora kwa mwaka mzima, ilikuwa imefichwa. Alikuwa amewarudishia mablanketi kutoka kidevuni hadi magotini. Aliyebaki na mikono nje ni bibi peke yake, kikapu magotini, kidole kimepinda.

Nilijua wachezaji wataipenda, na kweli waliipenda. Lakini nilitaka kujua kama ni zawadi kwao, au amekata tamaa, au ananionyesha kitu mimi. Nikamwandikia: “Mbona wengine wote wamejifunika tena?”

Jibu lilikuja baada ya siku mbili.

“Kule juu ni baridi, mwalimu.”

Nilisubiri, kama nilivyosubiri mara ya kwanza, jibu jingine lije nyuma ya hilo. Halikuja. Nikaipokea picha kama ilivyo, bila duara.