Binti wa Tura na Daftari la Matarajio

Nilikabidhiwa daftari la matarajio kwa sababu ya mwandiko, wala si kwa sababu ya akili. Mwalimu wa taaluma alisema katika kidato cha sita kizima mwandiko unaosomeka ni wangu peke yangu, kwa hiyo nipite bweni hadi bweni nimuulize kila msichana anataka kuwa nani, niandike, kisha siku ya mahafali nisimame kwenye kipaza sauti nisome: anakotoka, tahasusi yake, matarajio yake. Ndivyo shule yetu ya Tabora ilivyofanya kila mwaka. Unaitwa, unapita kwenye zulia jekundu lililoliwa na panya pembeni, matarajio yako yanasomwa, ndugu zako wanavamia jukwaa na mataji ya karatasi. Asiye na matarajio hapandi. Mwalimu alilisema hilo kama vile lilishuka na Musa.

Huyu mwalimu alikuwa Mzaramo, yaani mtani wetu sisi Wanyamwezi, na utani wake haukuwa na likizo. "Babu zenu walitembea kutoka hapa mpaka kwetu Pwani na pembe za ndovu mabegani," alikuwa anatuambia, "ninyi mnashindwa kubeba daftari mpaka maktaba!" Nasi tulimjibu kwamba babu zetu walipofika huko waliwakuta Wazaramo wamelala, na wajukuu wakija leo watawakuta bado. Hakukasirika hata siku moja. Lakini kwenye matarajio, weee, hapo utani uliishia mlangoni.

Basi nikapita na daftari langu. Nilidhani itakuwa kazi ya jioni moja. Ilinichukua wiki mbili, maana kumuuliza msichana wa kidato cha sita anataka kuwa nani ni sawa na kufungulia bomba. Wawili wa tahasusi ya HKL, watu wa Historia, Kiswahili na Kiingereza, ambao mara ya mwisho kuiona maabara ilikuwa kidato cha nne, waliniambia niandike daktari bingwa wa moyo. Nikaandika. Mimi nani nimkatishe mtu tamaa?

Bwenini kwetu tulikuwa na balozi. Huyu alikuwa wa mjini, nyumba yao ilikuwa karibu na soko, na alikuwa amegombana na kila kiumbe shuleni kuanzia mpishi mpaka mbuzi wa mlinzi. Kwenye foleni ya chakula alikuwa anaokota wadudu kwenye maharage, anawapanga ukingoni mwa sahani, anampelekea mpishi kama ushahidi. Nikamuuliza, mwenzangu, balozi si ndiye mtu wa kupatanisha watu? Akanigombeza nusu saa nzima. Nikaandika balozi.

Tulikuwa na wa Igalula, ambaye alishaanza kazi kabla ya kuhitimu. Ukitaka sabuni, bagia, pini za nywele, au pasi ya mkaa ya kukodi Jumapili asubuhi kabla ya ibada, unakwenda kitandani kwake. Chini ya godoro lake kulikuwa na duka kamili. Aliniambia niandike bilionea. Mwalimu akalikata neno kwa kalamu nyekundu, akaandika mjasiriamali, na wa Igalula akanuna siku tatu, akagoma kutuuzia bagia. Tuliteseka.

Na tulikuwa na wa Ulyankulu, mtoto wa wakulima wa tumbaku, ambao babu yao alitoka Burundi na rozari na jembe. Yeye alitaka kuwa mtawa. Alisali kweli, simsingizii. Lakini alikuwa anaigiza watu! Alimwigiza mkuu wa shule anavyopanda ngazi, matroni anavyopiga chafya, na padre aliyekuja kutuungamisha anavyosinzia huku akisema "ndiyo, mwanangu". Tulicheka mpaka tukaadhibiwa bweni zima, na wakati sisi tunafyeka nyasi yeye alikuwa amepiga magoti kanisani anatuombea. Leo ni mwanajeshi. Utawa ulikaa miezi miwili. Nampenda mpaka kesho.

Halafu nikafika kitanda cha mwisho, cha rafiki yangu wa Tura.

Tura ni stesheni ya reli, mashariki ya Tabora, na mama yake alikuwa anauza karanga na matobolwa pale, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha ambavyo abiria wa treni wananunua kupitia dirishani. Karanga hizo ndizo zilizomsomesha binti yake. Rafiki yangu alikuwa msichana mkimya, anasoma kila kitu, hata gazeti lililofungiwa vitumbua analinyoosha akalisoma mpaka matangazo ya vifo. Nikamuuliza: matarajio? Akachukua kalamu mkononi mwangu, akaandika mwenyewe: Sijui.

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Mwalimu alipoona akaniita ofisini. "Hiki nini?"

"Ndivyo alivyosema, Mwalimu."

"Sijui si kazi. Nchi hii haina ofisi ya sijui. Mwambie aandike kitu mpaka kesho saa nne, la sivyo jina lake halisomwi na jukwaani hapandi."

Nikakimbia bwenini. Nikamsihi. Nilimwambia aandike mwalimu, aandike nesi, aandike chochote, nani atakumbuka? Akaniambia, "Mama yangu atakumbuka. Mama kikisomwa kitu mbele ya watu anakishika. Nikisema nesi, atatangaza Tura nzima, na mimi nitakuwa nesi nipende nisipende."

"Usipopanda je? Mama yako anakuja!"

 Na mama alikuwa haji peke yake. Alikuwa anakuja kwa treni na wanawake wenzake sita wa pale stesheni, na walikuwa wameshona sare ya kitenge kwa ajili ya siku hiyo. Wanawake saba wenye sare, wakae kwenye viti vya plastiki toka asubuhi mpaka jioni, mtoto wao asiitwe! Machozi yakamtoka, akageukia ukutani. 

Asubuhi nikafanya kiherehere changu. Nikafuta Sijui, nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri: mhandisi wa reli. Niliwaza, anatoka stesheni, kuna ubaya gani? Mwalimu akaona pamejaa, akatia saini bila kusoma. Mtu wa HKL, jamani. Mhandisi.

Siku ya mahafali mgeni rasmi alichelewa kwa saa tatu nzima. Alipofika alikaa, akapewa maji, akaanza kusinzia na miwani yake myeusi. Mimi nasoma. Balozi akapanda, bilionea aliyepunguzwa cheo akapanda, mtawa akapanda na akacheza kwa namna ambayo Mama Kanisa asingeiruhusu. Kila mmoja na vigelegele vyake. Kisha nikafika kwa rafiki yangu, nikavuta pumzi: "Anatoka Tura. Tahasusi HKL. Matarajio yake ni kuwa mhandisi wa reli."

Meza ya walimu ikapasuka kicheko. Rafiki yangu akasimama katikati ya zulia akaniangalia, na yale macho siyasahau. Lakini huko nyuma wale wanawake saba hawakujua tahasusi ni mdudu gani. Waliinuka kwa pamoja wakaja mbio, sare inapepea, mama yake mbele, wakamvika mataji mpaka uso ukapotea.

Na mgeni rasmi, kusikia reli, akazinduka. Zamu yake ya hotuba ilipofika akaacha karatasi. "Yule binti wa reli asimame!" Akasimama. "Serikali inajenga reli mpya, na mimi naahidi mbele ya wazazi wote hawa, ukimaliza tu, njoo ofisini kwangu, kazi ipo!" Makofi. Mama akaanguka kwenye kiti akilia kwa furaha. Nikatamani ardhi inimeze.

Wakati wa chakula rafiki yangu akanifuata nyuma ya jiko.  "Kesho wanapanda treni. Mama akifika Tura tu, imekwisha, nitakuwa muongo wa stesheni nzima. Atakwenda kwenye ofisi ya yule mgeni rasmi kila wiki na matobolwa kwenye mfuko, na watamcheka kama walivyonicheka mimi. Ulilianza wewe. Nenda ukamwambie."

"Mimi?"

"Mimi siwezi. Nenda."

Nikaenda. Nisikudanganye, miguu ilikuwa inarudi nyuma. Walikuwa wamekaa kwenye mkeka chini ya turubai, wamefungua mahotipoti yao. Nikapiga goti. "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu! Si huyu aliyesoma? Jamani, huyu ndiye aliyesoma! Kaa hapa." Akanipakulia ugali, akatafuta kwenye hotipoti mpaka chini, akanipa paja zima la kuku. "Kula, umesoma vizuri, mpaka neno limeingia mwilini."

Nikasema yote kwa pumzi moja. Kwamba hakusema yeye, niliandika mimi. Kwamba kwa masomo aliyosoma uhandisi hauwezekani hata kwa dawa. Kwamba yeye aliandika hajui, na mwalimu akakataa, na mimi nikaogopa wasije wakakaa bure na sare zao.

Mama akaninyang'anya paja la kuku. Akalirudisha kwenye hotipoti, akafunga kifuniko. Wale sita wakaacha kutafuna.

"Hajui?" akaniuliza.

"Hajui, mama."

"Hana mimba?"

"Mimba! Hapana, mama!"

"Haumwi? Hajafukuzwa? Hajabadili dini?"

"Hapana. Hajui tu anataka kuwa nani."

Akageuka kwa wenzake, akasema nao haraka haraka kwa Kinyamwezi, sauti inapanda, na mmoja akapiga makofi ya mshangao. Kisha akarudi kwangu, na machozi yalikuwa yanamtoka. "Miaka miwili, mwanangu. Kila likizo namuuliza, unataka kuwa nani? Ananijibu, mama nikupakulie? Namuuliza tena, anakwenda kuteka maji na ndoo zimejaa! Nikasema mtoto ana jambo kubwa ananificha. Silali. Treni ya saa nane usiku inapita mimi macho. Kumbe hajui tu!" Akasimama, akamwona binti yake amejibanza kwenye nguzo ya jiko, akamwita kwa sauti ya kuuzia karanga, ile ya kufika behewa la mwisho. "Njoo hapa! Hujui?"

Rafiki yangu akaja, kichwa chini, mataji yamemwelemea. "Sijui, mama. Nisamehe."

"Wewe ndiye unisamehe mimi niliyekuogopesha mpaka ukanikimbia. Una miaka ishirini. Mimi nina arobaini na tano, na karanga ndiyo kwanza nagundua sizipendi." Akawageukia wenzake. "Jamani, mtoto hajui! Mzima wa afya, hajui tu!"

Na wakapiga vigelegele. Wanawake saba, kwa nguvu zote, kuliko hata vya jukwaani, mmoja akavua kitenge cha begani akakitandika binti apite juu yake. Mwalimu wa taaluma akaja mbio na sahani mkononi kuuliza kuna nini. "Mtoto wetu hajui!" wakamwambia, wakamzungushia kitenge kiunoni, akacheza nao, mtani yule, bila kuelewa hata chembe. Rafiki yangu alikuwa anacheka na kulia, kamasi zinamtoka, amemshika mama yake shingoni. Sijawahi kumuona mtu mwepesi namna ile. Alikwenda akakaa Tura mwaka mzima, watu wakimcheka, akiuza mayai na mama yake, karanga wameziacha, ndipo akaenda kusomea ukutubi, na leo kuna maktaba moja ambamo hakuna anayeruhusiwa kukunja ukurasa.

Mimi nilibaki nimesimama na sahani ya ugali mkavu. Mama yangu alikuwa turubai la pili, hatua kama thelathini, simu sikioni, anamwambia shangazi: "Mwanasheria! Imesomwa mbele ya watu, nimesikia kwa masikio yangu!" Ni kweli ilikuwa imesomwa. Nilijisomea mwenyewe, wa mwisho kwenye orodha, bila sauti kutetemeka, na sheria sikuwahi kuitaka hata siku moja.

Nikamwendea. Akakata simu, akaniuliza wale wanawake wanashangilia nini. Nikamwambia binti yao kaahidiwa kazi ya reli. "Hongera zao," akasema, akanifuta chembe ya ugali kidevuni na ncha ya khanga, akanigeuza kwenye mwanga ili anipige picha, na nilimwona jinsi alivyokuwa na furaha. Nikatabasamu. Sheria nikaisoma miaka minne.