Kope za Dada, Fundi wa Sare

Dada yangu alishona sare za shule miaka ishirini na miwili, na hakuna mzazi aliyewahi kumrudishia suruali iliyofumuka. Mwaka juzi kope zake zilianza kulegea. Kwanza ya kushoto, kisha zote mbili, mpaka akawa anainua kidevu ili amwone mteja.

"Bi Usingizi, amka, sindano itakula kidole!" mshona vifungo alimtania.

"Nikiwa usingizini bado nakushinda," dada akamjibu. Tukacheka wote.

Sisi mafundi tuna mchawi wetu wa kulaumiwa macho yakisumbua: kitambaa cheusi. Uzi mweusi juu ya nguo nyeusi huchosha macho, kila fundi atakwambia. Basi nikamwondolea kazi ya suruali nyeusi, nikampa mashati meupe ashone. Alipoanza kuziinua kope na kuzishikiza kwa plasta ili aweze kutunga uzi, mimi ndiye niliyemkatia hiyo plasta. Kwenye ibada nilimfinya, nikidhani anasinzia. Mungu anisamehe.

Daktari wa macho tuliyemwendea hatimaye hakutania. Alizipapasa kope, akakuta vivimbe visivyouma. Akapapasa shingo, akakuta vingine. Akaandika barua: aende hospitali kuu wiki hiyohiyo, akatwe kinyama kikapimwe.

"Wiki hii?" dada aliniuliza tulipotoka. "Na shule ndiyo zinafunguliwa?"

Oda nilikuwa nimeipokea mimi. Nikamwambia, "Tumalize sare kwanza, dada. Kope haziui mtu."

Tukamaliza sare. Yakaja majoho ya kwaya, nayo tukayamaliza. Mwezi wa tatu akaanza kulowesha shuka kwa jasho, magauni yakampwaya, ndipo tukaenda. Majibu yakasema vile vivimbe ni saratani ya tezi za limfu, imeshaenea tumboni na kwenye mifupa.

Daktari wa pale aliangalia tarehe ya barua, akavua miwani. "Nani aliwaambia msubiri?"

Nilifungua mdomo. Dada akanitangulia.

"Mimi mwenyewe, daktari. Mdogo wangu alinisihi sana, nikawa mbishi."

Sikumsahihisha. Siku ile sikuweza, na baadaye kila siku niliahirisha, hadi akafariki.

Msibani shangazi alinikumbatia mbele ya watu. "Wewe ulifanya yako yote, mwanangu. Marehemu, Mungu amrehemu, alikuwa na kichwa kigumu."

Wanawake wakatikisa vichwa, wakimlaumu maiti.

"Ndiyo, shangazi," nikasema.