Rangi ya Chumba cha Kwamboka

Harufu ya rangi ya mafuta iliyozimuliwa kwa mafuta ya taa ndiyo harufu ya likizo ile. Wengine wakikumbuka utoto wao hutaja mahindi ya kuchoma au mvua ya kwanza juu ya vumbi. Mimi nikimpita mtu anayepaka lango la duka mjini Kisii, nasimama, na huendelea kusimama hadi mwenyewe anitupie jicho la shaka, akidhani naitamani brashi yake. Harufu hiyo hunirudisha nyumbani kwetu, karibu na Suneka, katika jiko la nyanya lenye kuta za udongo, mwaka ambao shangazi Moraa aliamua kuligeuza kuwa nyumba.

Shangazi Moraa alikuwa dada mkubwa wa baba yangu. Alikuwa ameolewa Ekerenyo, kule Nyamira kwenye majani chai, na alirudi kwetu na mkoba mmoja na jino lililovunjika. Hakuna aliyemwuliza jino lilivunjikaje, kwa sababu kila mtu alijua. Kwetu binti aliyeolewa akirudi hajengewi nyumba kwenye boma la baba yake, ardhi ni ya wana wa kiume, kwa hiyo nyanya alihamishia mafiga yake kwenye kibanda kando ya migomba na kumpa binti yake jiko. Jiko lilikuwa na vyumba viwili vidogo vilivyotenganishwa kwa ukuta wa fito. Kimoja alilala yeye. Cha pili alikiita chumba cha Kwamboka, ingawa wakati huo kilikuwa na kuni, kuku anayeatamia na masizi yaliyoning'inia darini.

Kwamboka alikuwa binti yake wa pekee, na alikuwa amebaki Ekerenyo. Ng'ombe wa mahari walikuwa wamelipwa wote, na mtoto ni wa upande uliotoa ng'ombe. Ukoo wa mume ulisema jambo moja tu, tena kwa upole: rudisheni ng'ombe, mchukue mtoto wenu. Lakini ng'ombe hawakuwapo. Walikaa zizini kwetu muda mfupi, kisha baba yangu akawaswaga hadi kwa kina mama yangu, naye mama yangu akaja. Ndivyo ilivyokuwa kawaida, dada anaolewa ili kaka yake apate kuoa. Nililijua jambo hili nikiwa mdogo mno. Nilijua kwamba ng'ombe walionipa mimi mama ndio waliomnyima Kwamboka mama yake, na kila shangazi alipomtazama mama yangu akinisuka nywele pale uani, nilitamani ardhi ipasuke nipotelee humo. Shangazi hakuwahi kutamka neno. Baba yangu naye, habari ya Ekerenyo ikitajwa, alikumbuka ghafla kwamba kuna ua linalohitaji kurekebishwa.

Kisha ikaja habari. Mama mkwe wa shangazi, aliyekuwa akimlea Kwamboka, aliagiza kwamba likizo ya Agosti atamleta mtoto asalimie, na pengine amwachie hadi shule zifunguliwe. Aliongeza maneno ambayo shangazi aliyarudia mpaka sote tukayakariri: tutaona mahali atakapolala. Ilikuwa mwezi wa Mei. Kuanzia siku hiyo shangazi hakuwa na kazi nyingine duniani ila mahali atakapolala.

Tulianza na masizi. Tuliyakwangua kwa panga butu hadi tukawa tunapiga chafya nyeusi. Kisha shangazi akakanda udongo na samadi ya ng'ombe, akasiriba ukuta kwa kiganja kama wanawake wa kwetu walivyosiriba tangu zamani, na juu yake akapaka maji meupe ya unga wa mawe laini yachongwayo kule Tabaka. Nyanya aliyekuwa Msabato wa kutotania alitukataza hata kugusa ndoo siku ya Jumamosi, kwa hiyo siku yetu kubwa ilikuwa Jumapili. Wakatoliki waliokuwa wakienda misa walitukuta uani tumepakaa hadi viwikoni, wakatusalimu huku wakituhurumia, nasi tukawahurumia pia, maana tulishamaliza ibada yetu jana.

Ukuta mweupe ungetosha, lakini shangazi alitaka rangi ya dukani, na fedha ya rangi hakuwa nayo. Pale sokoni Suneka kulikuwa na fundi aliyepaka maduka rangi za matangazo, kijani cha kampuni ya simu, nyekundu ya soda, nyeupe ya maandishi. Shangazi alimfulia nguo, naye akamwachia masalio yaliyobaki chini ya makopo. Siku moja fundi alikuja mwenyewe kuona kazi, akagonga ukuta kwa kidole, akatikisa kichwa.

"Mama, hii ni ukuta ya udongo. Oil haishiki hapa. Itakaa kidogo halafu ianze kubanduka."

"Ishike tu mpaka Agosti," shangazi akamjibu.

Hapo ndipo nilipoitwa. Mimi na Kwamboka tulizaliwa msimu mmoja, na shangazi aliamua kwamba kwa kuwa hakuwa ameishi na binti yake tangu mtoto alipoanza kung'oka meno, mimi ningejibu kwa niaba yake. Aliniuliza Kwamboka angependa rangi gani. Nilitazama makopo. Kijani sikukipenda, kilikuwa kimejaa kila duka la Suneka, na nyekundu ilinikumbusha soda ambazo sikununuliwa. Nikasema waridi. Shangazi alimimina nyekundu na nyeupe kwenye karai, akachanganya kwa kijiti cha mpera, akaongeza nyeupe, akaongeza nyekundu, akainua kijiti na kunionyesha. Nilitikisa kichwa mara nyingi, nikiringa, kwani ilikuwa raha kuulizwa. Mwishowe ikatokea rangi ambayo sijaiona tena popote, waridi yenye joto kidogo, kama ndani ya pera lililoiva vizuri. Nikasema ndiyo hiyo.

Kitanda tulikipata Nyanchwa, mtaa wa mjini Kisii. Kulikuwa na familia ya kutoka kule ziwani, mume akifanya kazi mjini, iliyokuwa imehamishwa na ilikuwa ikiuza vyombo. Mama wa nyumba hiyo alimwonyesha shangazi kitanda cha chuma cha mtoto, chenye maua yaliyochorwa upande wa kichwani.

"Hii msichana wangu ameipita urefu," alisema. "Wako ako na urefu gani?"

Shangazi alinivuta mbele. "Kama huyu."

"Basi itamtosha. Lala hapo, toto, tuone."

Nililala na viatu vyangu, miguu ikining'inia kando, kisha nikainyoosha, na nafasi ikabaki. Wanawake wawili waliridhika. Yule mama akaongeza pazia lenye vipepeo, akisema hatalibeba hadi Homa Bay, na shangazi akalikunja kifuani kwa uangalifu mwingi. Tulirudi nyumbani kitanda kikiwa kimefungwa kwenye bodaboda, sisi tukitembea nyuma. Wiki zilizofuata alileta vingine kutoka kwenye marundo ya mitumba, shuka lenye doa alilolificha upande wa ukutani, kioo kilichopasuka pembeni, zulia dogo lililokuwa la kufutia miguu mlangoni kwa mtu. Kitambaa cha meza alikishona mwenyewe kwa sindano ya kudarizi. Chumba kilipokamilika nilisimama mlangoni nikaona wivu. Mimi nililala na wadogo zangu watatu kwenye godoro moja, na wadogo zangu walikojoa.

Walikuja asubuhi yenye jua. Nilikuwa wa kwanza kuwaona wakishuka njia ya migomba, na kwa muda nilimtafuta Kwamboka nyuma ya yule msichana mrefu aliyeshika mkono wa bibi kizee. Ndiye aliyekuwa Kwamboka. Alikuwa na kimo cha ukoo wa baba yake, mabega mapana, shingo ndefu, nami nilimfikia kifuani. Shangazi alitoka akikimbia, kisha akapunguza mwendo. Alikuwa ameinamisha mkono chini, tayari kumshika mtoto kichwani, na ilimbidi auinue. Kwamboka aliinama kidogo kumrahisishia. Walisalimiana kwa mkono, kama watu wanaokutana kanisani.

Bibi kizee hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililonisumbua nilipokua, maana ningependa kumchukia. Aliingia chumbani, akagusa pazia, akabonyeza godoro kwa kiganja. "Umejitahidi, Moraa," alisema, na alimaanisha. Kisha akacheka. "Lakini miguu ya huyu itabaki nje. Na huyu hupenda buluu. Buluu tu. Hata kikombe chake ni cha buluu."

"Sikujua," shangazi akasema.

"Hata hii ni nzuri," Kwamboka akasema haraka. Ndiyo sentensi ndefu kuliko zote alizosema siku ile. Aliketi ukingoni mwa kitanda, magoti yakiwa karibu na kidevu, mikono mapajani, akitabasamu kwa adabu ya mgeni aliyepewa kiti cha heshima. Shangazi alisimama mlangoni akimtazama, kitambaa cha kupangusia vyombo kikiwa kimesahaulika begani. Hakuenda kuketi naye. Nadhani aliogopa kwamba kitanda kingelia.

Tulikula kuku na ndizi. Mchana ulipogeuka, mawingu yakajikusanya upande wa Nyamira, na bibi kizee akasema mvua haitawangoja. Mtoto hajazoea, alisema, siku nyingine atalala. Shangazi hakubishana. Aliwafungia ndizi mbivu, akawasindikiza hadi barabarani, na aliporudi alifunga mlango wa chumba kile, akaja kumsaidia mama yangu kuosha vyombo. Mama yangu alimshika mkono ndani ya maji ya sabuni. Walikaa hivyo, hawaoshi chochote, mimi nikiwa nimejificha nyuma ya ghala na moyo wangu ukiniuma kana kwamba nilikuwa nimeiba kitu.

Sikumbuki kama alilia. Nakumbuka kwamba baada ya likizo alianza kutafuta buluu. Fundi wa Suneka hakuwa nayo, hakuna duka pale lililopakwa buluu, kwa hiyo shangazi aliikusanya kidogo kidogo, kikopo kutoka kwa mtu aliyepaka lango, tone la chini kutoka kwa aliyepaka viti vya shule. Mwaka uliofuata chumba kizima kilikuwa buluu, kwa tabaka zisizolingana, hapa nzito, pale nyepesi. Kitanda hakupata kirefu zaidi. Aliondoa chuma cha miguuni na kuongezea benchi, akashonea godoro kipande. Hakumruhusu mtu yeyote kulala humo. Wageni walipokuja walilala sebuleni kwa baba, na nyanya alipomwambia chumba kisicholaliwa huingia baridi, shangazi alisema mwenyewe yuko njiani.

Hakuja. Bibi kizee aliugua, kisha Kwamboka akapelekwa shule ya bweni, kisha likizo zikawa za kuchuma chai. Wakati mwingine walizungumza kwa simu jioni ya Sabato, shangazi akitembeatembea uani kutafuta mtandao, akiuliza kama amekula. Habari ya buluu hakuitaja. Alitaka aione mwenyewe.

Shangazi Moraa alifariki tulipokuwa tukikaribia kumaliza sekondari, kwa ugonjwa wa kifua ulioanza kama mafua. Na hapo desturi ikazungumza kwa mara ya mwisho. Ng'ombe hawakuwa wamerudishwa, kwa hiyo bado alikuwa mke wa Ekerenyo, na Ekerenyo ndiko angezikwa, katika boma alilolikimbia akiwa ameshika mdomo. Walikuja na gari kumchukua. Baba yangu alisimama kando ya ua lake, na nilimwona mtu mzima akikosa pa kuiweka mikono yake. Kwamboka alishuka garini akiwa amevaa sare ya shule. Aliomba kuingia chumbani. Mimi ndiye niliyemfungulia.

Alisimama katikati ya ile buluu kwa muda mrefu. Kisha akavua viatu, akalala kitandani, akanyoosha miguu hadi ikafika kwenye benchi. Ilitosha. Nje walipiga honi. Alipoinuka, ukuta ulikuwa umebanduka pale karibu na mto, kama fundi alivyosema, naye akaushika ule ukingo na kung'oa kipande chenye ukubwa wa kiganja, akakifunga kwenye leso. Nilitaka kumwomba msamaha kwa ajili ya ng'ombe, lakini mtu huanzaje kuomba msamaha wa namna hiyo.

Jiko lile halipo siku hizi. Baba mdogo alilibomoa akapanda parachichi, nayo yanamlipa vizuri. Mimi naishi Nyanchwa, katika nyumba ya kupanga ambayo mwenye nyumba ameipaka rangi ya maziwa ndani na nje na hataki ibadilishwe. Mjini Kisii maduka ya rangi sasa yana mashine, unaonyesha kitambaa, ua, chochote, nayo inakupimia na kukuchanganyia rangi hiyo hiyo ukisubiri. Nafikiria shangazi na karai lake, na mimi mtoto mwenye maringo nikitikisa kichwa, na ninaona kwamba kila kitu alichokitafuta kwa miezi kingepatikana leo kabla ya chai ya saa nne, isipokuwa yule aliyekuwa akimtafutia.

Mwezi uliopita Kwamboka alinipigia simu nimsindikize dukani. Amejenga, na ana binti mdogo aliyempa jina la Moraa, na alitaka kupaka rangi chumba cha mtoto. Juu ya kaunta alifungua leso. Kijana wa duka alikichukua kile kipande kwa uangalifu, akakigeuza, akakwangua ukingo kwa ukucha.

"Madam, hapa kuna mbili," alisema. "Buluu juu, na hii pinki chini. Niweke gani kwa mashine?"

Kwamboka alikuwa amevaa buluu, kama kawaida yake, hata pochi.

"Ya chini," alisema.

"Hiyo ya juu ndiyo imetoka poa zaidi."

"Najua," Kwamboka alisema. "Niwekee ya chini."